Kuchungulia kona bila kupigwa kichwa

Kaka, umesema kwenye PUBG Mobile, ule mchezo wa risasi wa simu, unapigwa kichwani kila ukichungulia kona, hata ukiinama pembeni, yaani ukiegemeza mwili upande bila kutoka mafichoni. Shida naona ni ukuta, umeukumbatia mno. Wale wa mabanda ya PlayStation hapa Umoja watakwambia ujibane, usiwasikilize. Kona ikiwa kati yako na adui, aliye mbali nayo zaidi ndiye humwona mwenzake kwanza. Aliyejibana hutoa bega na bunduki kabla jicho lake halijaona kitu. Rudi nyuma hatua mbili tatu, halafu ndiyo uiname.

Pia penda kuchungulia upande wa kulia wa ukuta. Kamera ya mtazamo wa nje, ile inayokuonyesha mchezaji wako kwa nyuma, hukaa juu ya bega la kulia, kwa hiyo kulia unaona mengi huku mwili ukibaki umefichwa. Kushoto unajianika zaidi.

Kwenye mipangilio, weka kuinama kwa kushikilia kitufe, si kugusa mara moja. Ukikiachia unarudi mafichoni mara moja. Na usichungulie palepale mara mbili, adui keshalenga hapo.

Ukihamia Counter-Strike 2, mchezo wa risasi wa kompyuta, sahau kuinama pembeni, haipo kabisa. Kule unachungulia kwa miguu tu, unatoka na kurudi. Kwenye Rainbow Six Siege ya kompyuta, mchezo mwingine wa risasi, vitufe vya kuinama pembeni ni Q na E.