Niliipumzisha springi, nikatoboa tenki

Ndugu yangu wa Kondoa, nisamehe kwa kukuchelewesha. Uliniuliza swali dogo tu: bunduki inayokaa muda mrefu bila kutumika, springi zake ziachwe zimebanwa au zilegezwe? Wiki tatu zimepita. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nalo, na ndilo lililoniponza.

Kwa msionijua, mimi ni mfugaji wa mbuzi upande wa Mvumi, Dodoma, na ninamiliki bunduki ya marisau ya mitutu miwili, namba 12 kwa kipimo cha mtutu, aliyoinunua marehemu baba miaka ya sabini. Chini ya mitutu ina mhuri wa Birmingham, na kitako kimepauka pale shavu la mzee lilipokuwa likilala. Leseni ni ya mtu, si ya bunduki, kwa hiyo mzee alipofariki tuliipeleka polisi, ikakaa huko mpaka nilipopata yangu. Tangu siku ile niliyoirudisha nyumbani nimejifanya mwalimu wa kila mwenye silaha anayepita barabara ya kwetu. Mashemeji zangu wanajua. Ukija kwangu kuomba beberu wa mbegu, utaondoka na beberu na somo la kupaka mafuta.

Bunduki za namna hii, ukiikunja tu ili uweke risasi, nyundo mbili zilizofichwa ndani zinajikoki zenyewe, yaani zinavutwa nyuma tayari kupiga. Springi za nyundo hizo ni za bapa, zimekunjwa kama herufi V, na hapo zinabanwa. Ukiifunga ukairudisha kabatini hivyohivyo, zitakaa zimebanwa hadi siku utakayoitoa tena. Mzee hakulivumilia hilo. Alikuwa akisema hata maksai hafungiwi nira usiku. Kila akimaliza kuisafisha alitia maganda mawili ya risasi zilizokwishapigwa, akaifunga, akavuta kifyatulio kimoja, kisha cha pili. Kah. Kah. Ganda lilikuwa la kuipokea pini, ule msumari mdogo unaogonga kitako cha risasi, maana pini ya bunduki kuukuu ikigonga hewa mara nyingi inaweza kukatika. Nilikua nikiisikia milio ile miwili kama watoto wengine wanavyosikia dua ya kulala.

Sasa swali lako lilinikuta jioni ya Oktoba, kiangazi chenyewe, nimetoka kusafisha. Nikaona kuandika ni uvivu, ngoja nikurekodie sauti huku nafanya, usikie hatua kwa hatua. Simu nikailaza mezani, inarekodi. Nikavaa sauti ya darasani. "Kwanza kabisa, ndugu yangu, hakikisha haina kitu." Na kweli nilihakikisha, mitutu yote miwili, nikachungulia taa upande wa pili. Haikuwa na kitu. Kisha nikapeleka mkono kwenye mfuko wa ngozi uliokuwa umening'inia msumarini, nikachomoa maganda mawili bila kuyatazama, nikayatia.

Mfuko ule ndio ulikuwa na kila kitu. Maganda na risasi nzima. Miaka tisa nimeviweka pamoja.

Kifyatulio cha kwanza: kah. Nikasema, "Umesikia?" Nikavuta cha pili.

Sitaeleza mlio wa namba 12 ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Masikio yaliimba hadi asubuhi. Mtutu ulikuwa umeelekea dirishani, na nje ya dirisha, juu ya mnara wa matofali, palikuwa na tenki la lita 2,000 lililojazwa na boza mchana uleule. Wakazi wa Dodoma mnaelewa maana ya sentensi hiyo. Maji yalitoka kwa vitundu vingi kama bomba la bafuni. Mbuzi walikuwa wa kwanza kuelewa, wakasukuma wavu wakaja kunywa. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. "Baba Neema, umempiga nani?" Nikasema tenki. Akauliza, "Neema yuko wapi?" Neema alikuwa dukani kanunua chumvi. Dakika tano kabla alikuwa anachota maji pale pale chini ya mnara.

Hilo ndilo sijaweza kulisimulia nikicheka, ingawa kijijini wanacheka. Jina langu sasa ni Mzee Tenki. Shemeji mdogo, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kushika silaha, ndiye aliyelianzisha, na kwenye harusi ya juzi alilitamka kwenye kipaza sauti. Nimelisikia, shemeji.

Kituo cha polisi nilikwenda kwa miguu yangu asubuhi, nikaeleza, nikaandika maelezo. Kisha nikaipeleka bunduki kwa fundi wa silaha mwenye kibali mjini, mzee wa makamo asiyecheka ovyo. Nilitaka aniambie kwamba angalau nia yangu ilikuwa njema. Akafungua vyuma, akanionyesha mafuta yaliyoganda na vumbi mpaka yakawa kama ukoko wa ugali. Akasema springi nzuri haichoki kwa kubanwa tu, inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa maelfu ya mara, au kupinda kupita kiasi ilichotengenezewa. Za kuzungushwa, zile za bunduki za siku hizi, hazina shida kabisa. Hizi za bapa za kizamani, akasema, ukizilegeza unafanya vizuri, maana zikikatika kupata nyingine ni kazi. "Lakini wewe," akanitazama juu ya miwani, "umeihurumia springi kuliko mwanao."

Sikumjibu. Nililipa nikaondoka.

Basi, jibu lako. Ndiyo, legeza, kama ni ya kizamani kama yangu. Ila usitumie maganda kama mimi na baba yangu. Ganda na risasi nzima gizani ni mapacha. Ukitazama, nzima imekunjwa mdomo, ni nzito, na kitakoni ile sahani ndogo ya shaba haina kidonda. Lakini nani hutazama kitu alichokifanya mara mia tano? Zipo risasi bandia za kazi hii, zenye springi yake ndogo ndani ya kupokea pini, nyingine za plastiki ya rangi kali. Zangu ni nyekundu, nazo hulala na vifaa vya kusafishia. Risasi za kweli sasa ziko chumba kingine, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli lake. Usiwe na mfuko mmoja. Nasema tena, usiwe na mfuko mmoja.

Halafu mtutu uelekee mahali ambapo hata ukikosea hakuna wa kulia. Nimekata pipa nusu nikalijaza mchanga wa korongoni, liko kona ya chumba. Mke wangu analiita kaburi la aibu. Na usijifariji na sefti, kile kizuizi cha usalama: kwenye nyingi za mitutu miwili inazuia kifyatulio tu, nyundo hubaki zimekoki nyuma yake.

Kutunza kwenyewe hakuna hadithi. Sefu iliyofungwa na kukazwa ukutani, mafuta kidogo sana, mtutu ukitazama chini ili mafuta yasishuke kuozesha mbao ya kitako. Usiifungie ndani ya mfuko wa ngozi wala blanketi. Mnadhani Dodoma ni kukavu hakuna kutu, mvua za Desemba zikianza mfuko unanyonya unyevu na unakaa nao hadi Aprili. Niliona mtutu wa jirani uliooza hivyo, alama zake kama ndui.

Na simu weka chumba kingine. Vijana mnapenda kurekodi kila kitu, na sisi wazee tumewaiga kwa sababu tunapenda kusikika. Mtu anayefundisha hatazami mikono yake. Nilikuwa nasikiliza sauti yangu ilivyo nzuri.

Ile rekodi, kwa taarifa yako, niliituma. Kidole kilibonyeza chenyewe katika kutetemeka kule, nikajua kesho yake nilipoona umejibu: "Mwalimu, hiyo hatua ya mwisho sijaielewa." Naomba uifute. Funguo za sefu ninazo mimi, za sanduku la risasi anazo Mama Neema, na tenki limezibwa vitundu kumi na saba. Cha kumi na nane bado kinavuja.