Mpakato isiyopakatika

Mzee kwenye rekodi alisema mkewe alimletea kuni, au alimletea kumi. Nikarudisha nyuma sekunde tano, nikasikiliza, nikarudisha tena. Mara ya sita nikavua hedifoni na kuiweka mezani, maana mzee hakuwa na kosa. Feni ya kompyuta yangu ilikuwa inaunguruma tangu alfajiri bila kupumzika. Mdogo wangu akachungulia mlangoni: "Dada, hiyo kompyuta inakoboa mahindi?"

Mimi kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananitumia sauti, nawarudishia maandishi, nalipwa kwa dakika. Masikio ndiyo jembe langu, kwa hiyo feni ikinguruma kwangu ni hasara ya fedha, achilia mbali kero. Naandika haya kwa mwenye kompyuta kama yangu: ya mtumba, iliyotumika ofisini ughaibuni miaka kadhaa kabla ya kufika Dar es Salaam, sura bado nzuri lakini mapafu yamechoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitibu kelele. Nilimpelekea fundi mmoja wa mtaani nikamwambia, "Fundi, mimi nataka hii kelele iishe tu." Akaifungua, baada ya dakika kumi akaifunga, ikawa kimya kabisa. Nikamlipa kwa furaha na chenji nikamwachia. Siku ya kwanza nilifanya kazi kama niko maktaba. Siku ya pili kompyuta ikaanza kuvuta miguu: naandika neno, herufi zinafuata baadaye kama abiria waliochelewa basi. Alasiri ikazima yenyewe katikati ya sentensi, ikaondoka na kazi ambayo sikuwa nimeihifadhi. Niliigusa chini, ilikuwa ya moto kiasi cha kunyooshea kanga. Nikarudi kwa fundi nimefura, naye akanijibu bila wasiwasi kwamba alichomoa waya wa feni. "Si ulitaka kelele iishe, sista?"

Na kweli, ndivyo nilivyomwagiza.

Feni haiungurumi kwa kupenda. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikifanya kazi inazaa joto. Bomba bapa la shaba linalibeba joto hilo hadi pembeni, kwenye vibanzi vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Feni inapuliza hewa katikati ya kurasa hizo, joto linatokea tundu la ubavuni. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta hizi zina kikomo cha nyuzi 100 hivi. Zikikaribia hapo zinapunguza mwendo zenyewe, na mambo yakizidi kompyuta inajizima isiungue. Kumbe zile herufi zilizochelewa zilikuwa za mashine inayojihami.

Siku hizi kabla ya kushika bisibisi au kupakua programu yoyote, naweka kiganja kwenye lile tundu la ubavuni. Nakaa hivyo nusu dakika. Hewa ikitoka ya moto na yenye nguvu, feni inafanya kazi yake sawasawa na mkosaji ni kile kinachoendelea ndani: kuna programu inaitumikisha kompyuta. Feni ikinguruma lakini hewa inatoka dhaifu, kama pumzi ya mtu mwenye mafua, njia imeziba. Na kuna hali ya tatu, ambayo mimi ilinichukua mwezi mzima kuielewa: feni inaunguruma, upepo upo, na upepo wenyewe ni baridi. Hiyo nitaifikia.

Nianze na moto wenye nguvu, maana tiba yake haina gharama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Bofya neno CPU juu ya safu ili walaji wakubwa wapande juu. Usikurupuke, programu hiyo yenyewe inapofunguka hula kidogo, subiri dakika moja mambo yatulie. Kwangu mlaji wa kwanza alikuwa kivinjari. Nilikuwa na kurasa 41 wazi, na moja kati ya hizo, ukurasa wa habari nilioufungua siku tatu nyuma, ilikuwa inacheza tangazo la video peke yake huko chini. Nikaufunga, feni ikashuka sauti palepale, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Mlaji wa pili alinifundisha jambo kuhusu sisi watu wa bando. Mimi huwa nawasha intaneti kwa vipimo: natuma kazi, nazima. Kompyuta ikikaa wiki bila intaneti, siku ukiiwashia inayafanya yote kwa pamoja: masasisho ya Windows, ukaguzi wa virusi, kupanga faharasa ya mafaili. Feni inapanda na wewe unadhani kompyuta imeharibika. Niliiacha mchana mmoja kwenye chaja na intaneti ya nyumbani kwa shangazi, nikaenda zangu sokoni. Niliporudi ilikuwa imemaliza na imetulia. Ila ukiona programu usiyoijua inakula nusu ya nguvu wakati wewe hufanyi chochote, na unakumbuka kuna programu ya kulipia uliyopewa bure kwenye flashi, hapo kuwa na shaka. Programu zilizovunjwa kufuli zina tabia ya kuja na wageni, na baadhi ya wageni hao wanaitumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu mwingine. Umeme unalipa wewe.

Kuna na ujanja mmoja wa mipangilio. Kwenye mipangilio ya juu ya umeme ya Windows pana sehemu ya prosesa yenye mstari wa Maximum processor state. Ukishusha kutoka 100 hadi 99, kwenye prosesa nyingi za Intel ule mwendo wa ziada wa kukimbia ghafla unazimwa, na joto linapungua sana. Anayehariri video ataona kompyuta imekuwa nzito. Mimi ninayeandika maneno sijaona tofauti yoyote. Kwenye baadhi ya kompyuta mstari huo umefichwa, usipouona, usijisumbue.

Halafu kuna hili jina tulilopewa, kompyuta mpakato. Jina limetudanganya. Kompyuta nyingi za namna hii huvutia hewa kwa chini, kupitia vitundu vidogo ambavyo ukiipakata unaviziba kwa paja na khanga. Kitandani ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu godoro linabonyea na kuikumbatia. Mimi nilizoea kunukuu nimeegemea mto, kompyuta mapajani, halafu nashangaa. Sasa inakaa mezani juu ya vizibo vinne vya chupa za soda nilivyovibandika chini, kimoja kila kona. Ni sentimita moja tu ya nafasi, lakini kiganja kinaisikia.

Sasa tuje kwenye hewa dhaifu, yaani vumbi. Baada ya yule fundi nilirudisha waya wa feni mwenyewe, na kwa kuwa nilishaifungua, nikaamua nione. Kwanza nilizima kabisa, nikachomoa chaja, na baada ya kufungua mfuniko nikachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Skrubu nilizipanga juu ya karatasi niliyochora umbo la kompyuta, kila skrubu mahali pake, maana hazilingani urefu na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kisichotobolewa.

Nilitarajia kuona vumbi kwenye mapanga ya feni. Lilikuwepo, kidogo. Lenyewe hasa lilikuwa nyuma, pale feni inapokutana na vile vibanzi, limeshonana likawa mkeka kamili. Nililinyanyua kwa kijiti cha meno likatoka zima, kama kipande cha sufi kwenye mto wa zamani. Upande uliotazama feni ulikuwa wa kahawia. Hilo ni vumbi la kwetu, barabara yetu haina lami. Upande wa ndani ulikuwa wa kijivu, na ndani yake mlikuwa na nyuzi za buluu za zulia. Sisi nyumbani hatuna zulia. Mlikuwa pia na unywele mmoja mrefu, ulionyooka, ambao hauna mwenyewe katika nyumba hii. Nilikuwa nimenunua kompyuta pamoja na vumbi la ofisi ya watu.

Ndiyo maana siupendi ule mtindo wa kupuliza kwa blowa kupitia tundu la nje bila kufungua. Unaurudisha mkeka ndani ya feni, na feni yenyewe unaizungusha kwa kasi ambayo haikuumbiwa, beringi zinaumia. Ukipuliza, fungua kwanza, na uyazuie mapanga kwa kijiti yasizunguke. Na tafadhali, usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi. Ule upepo una majimaji.

Nilipofika hapo nikaona nimalizie na pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na shaba ili joto lipite vizuri. Yangu ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukuta. Niliisugua kwa pamba yenye spiriti ya isopropili mpaka prosesa ikang'aa kama kioo, nikaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya mchele. Mtu mmoja aliwahi kunishauri nitumie dawa ya meno. Inakauka upesi, na ikikauka uko palepale ulipoanzia, au pabaya zaidi. Wakati wa kurudisha kile kipande cha shaba angalia namba zilizochapwa karibu na skrubu, kaza kwa kufuata namba hizo, kidogo kidogo kwa zamu.

Kama mkono wako unatetemeka, peleka kwa fundi, mafundi wazuri wapo wengi. Lakini badilisha maneno. Usiseme "ondoa kelele". Sema "safisha njia ya hewa na ubadilishe pesti", kisha vuta kiti ukae hapohapo uangalie.

Sauti ya kukwaruza au kugongagonga ni habari nyingine. Hiyo ni feni yenyewe imechoka. Niliwahi kuitilia tone la mafuta ya cherehani feni ya kompyuta ya mdogo wangu, ikanyamaza wiki tatu, ikaanza tena. Tukanunua mpya kwa shilingi 35,000 kwa kusoma namba iliyo kwenye stika ya ile ya zamani. Kununua kwa jina la kompyuta peke yake ni kubahatisha, plagi zinatofautiana.

Basi, baada ya usafi wote huo kompyuta yangu ilikuwa tofauti. Haikuwa ya moto tena, herufi zilikuja kwa wakati. Lakini feni haikusimama. Ilishuka sauti ikawa mvumo mwembamba usiokatika, saa nzima, siku nzima, hata nikiwa sijafungua programu yoyote. Kiganja ubavuni: upepo baridi. Nilikaa hivyo karibu mwezi, nimeshakata tamaa, najiambia ndiyo umri.

Jioni moja umeme ukakatika. Pangaboi likapunguza mzunguko, likasimama. Friji ikaguna mara moja ikanyamaza. Na katika ule ukimya nikagundua kwamba kompyuta, ambayo ilikuwa inawaka kwa betri, nayo imenyamaza. Haikutoa hata pumzi. Nilikaa gizani natazama skrini kama mtu aliyeona jini. Umeme uliporudi, majirani wakashangilia kama kawaida yao, na feni yangu ikaanza tena papo hapo. Nikachomoa chaja, ikasimama. Nikachomeka, ikaanza.

Kompyuta yangu ni HP ya zile za kiofisi. Kwenye nyingi za aina hiyo, ukiiwasha huku unabonyeza F10 unaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, na humo ndani kuna mstari unaoitwa Fan Always on while on AC Power. Maana yake: feni izunguke muda wote ikiwa kwenye chaja, pawe na joto pasiwe na joto. Yangu ilikuwa imewekewa alama ya ndiyo. Nikaiondoa, nikahifadhi, nikatoka. Feni bado inaamka joto likipanda, na ninataka iamke. Ila pasipo joto inalala. Kama yako ni Dell, jaribu F2 wakati wa kuwaka. ThinkPad ni F1. Majina ya mistari yanatofautiana na kompyuta nyingine hazina kabisa mpangilio huo, lakini jaribio la kuchomoa chaja halina gharama na ningelifanya siku ya kwanza kama ningelijua. Ukiwa mle BIOS usiguse mambo mengine. Angalia ulichofuata, toka.

Usiku huohuo nilirudi kwenye faili la yule mzee, ambalo nilikuwa nimeshalituma na kulipwa. Nikavaa hedifoni, nikatafuta ile dakika. Alisema kuni. Tena alisema taratibu, akairudia mara mbili. Kwenye maandishi nilikuwa nimeandika kumi, na nikaongeza alama ya kuuliza pembeni. Ikabidi nimwandikie mtafiti barua ya masahihisho.