Jibu: Kupata familia ya kuishi nayo Osaka

Habari ndugu. Umepata nafasi ya kusoma Kijapani Osaka, unataka kuanza kwa kuishi na familia ya huko, lakini maombi unayozitumia familia hayajibiwi, na kama Mwislamu hujui suala la chakula ulielezeje.

Kwanza iulize shule yako. Shule, na jumuiya za miji zinazoshughulikia wageni, huwa zinafahamu familia za kupokea wanafunzi. Halafu ipitie upya barua yako ya kujitambulisha: weka picha, ratiba yako, unachopenda kupika.

Kwenye chakula, "sili nguruwe" haitoshi. Mirin (kiungo kitamu cha majimaji cha Kijapani) na sake (pombe ya mchele) ya kupikia zina kilevi na huingia kwenye vyakula vya kila siku. Mama niliyekaa kwake hakuwa akizihesabu kama pombe kabisa, mpaka tuliposimama jikoni tukasoma chupa moja moja. Andika wazi: sili nguruwe, mafuta yake wala pombe ya kupikia; lakini samaki, mayai, mboga na wali nakula. Usiishie kwenye makatazo, mpishi anataka kujua apike nini.

Uliza pia umbali wa kwenda stesheni. Ukichelewa chakula cha jioni, toa taarifa mapema. Na bafuni, oga ujisuuze kwanza ndipo uingie kwenye beseni kubwa la kuogea. Maji yale yale wengine watayatumia, usiyamwage.