Kupigilia bati kwenye ukuta wa mbao hakuzuii moto wa jiko la kuni

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Njombe. Baba mkwe alituachia nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma, yenye meko ya ukutani sebuleni. Meko hiyo inakula kuni nyingi na chumba hakipati joto, kwa hiyo tumechomelewa jiko la chuma la kuni lenye upana wa sentimita 50 na kimo cha 75. Tunataka likae mdomoni mwa meko, bomba lake liingie kwenye dohani ya zamani. Mdomo wa meko una upana wa sentimita 90. Umezungushiwa fremu ya mninga, na juu yake kuna rafu ya mninga iliyo sentimita 120 kutoka sakafuni. Ukuta wa kushoto umepigwa mbao za msindano, nao utakuwa sentimita 60 kutoka ubavuni mwa jiko. Sakafu ni ya saruji. Fundi wetu anasema tupigilie bati kwenye mbao za msindano, na fremu tuiache kwa kuwa mninga ni mti mgumu. Je, hapo tuko salama?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ahsante kwa kupima kila kitu kabla ya kuuliza. Kwa mpango huo hamko salama, lakini marekebisho yake hayana gharama kubwa.

Tuanze na bati, maana kosa hili nalikuta kila msimu wa kipupwe. Joto la jiko linaufikia ukuta kama joto la jua linavyoufikia mgongo wako shambani: linasafiri lenyewe, hata kama hewa ya katikati ni baridi. Bati likipigwa na joto hilo linachemka. Kama limegusana na ubao, joto linapita moja kwa moja hadi kwenye ubao. Mwaka mmoja niliitwa kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wakisikia harufu ya kuungua na hawaoni moshi. Bati nyuma ya jiko lilikuwa safi, linang'aa. Nilipong'oa misumari minne na kulifungua, plaiwudi ya nyuma ilikuwa nyeusi tii, ukiigusa inamomonyoka vidoleni kama mkaa. Waliwasha jiko lile misimu mitatu wakiamini wamekingwa.

Ubao mpya huhitaji joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi ndipo ushike moto. Ukipikwa miezi na miaka kwa joto la chini ya hapo, unakauka, unabadilika rangi, unaanza kugeuka mkaa pole pole, na kile kiwango kinashuka. Ndiyo maana mtu anakwambia "tumeliwasha miaka mitano halijawahi kutusumbua," na mwaka wa sita nyumba inaungua. Mninga nao hauponi kwa ugumu wake. Ni mti, na mti unaungua.

Sasa vipimo. Jiko la kiwandani huwa na kibandiko au kitabu kinachotaja umbali wake, na huo ndio unaofuatwa. Jiko la kuchomelewa mtaani halina kitu hicho, kwa hiyo mimi hutumia kanuni ya Marekani, NFPA 211: sentimita 91 kutoka jiko hadi kitu chochote kinachoweza kuungua. Umbali huo unaruhusiwa kushuka hadi sentimita 31 kama kuna kinga ya bati iliyoachiwa nafasi ya hewa ya sentimita 2.5 kati yake na ukuta. Ukijenga ukuta wa tofali wa sentimita 10 uliogusana na mbao, bila hewa katikati, unaruhusiwa kushuka hadi sentimita 61 tu. Hapo utaona kazi inafanywa na nini: bati jembamba lenye hewa nyuma yake linaushinda ukuta wa tofali usio na hewa. Hewa ya nyuma ikipata moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inaingia kwa chini, na ubao unabaki wa kawaida.

Kwa ukuta wako wa kushoto, ulio sentimita 60, kinga hiyo inatosha kabisa. Nunua bati bapa la geji 24. Lile la kuezekea la geji 28 au 30 ni jepesi mno, linajikunja kwa joto. Kata vipande vya bomba la maji la chuma la nusu inchi, kila kimoja sentimita 2.5, upitishe skrubu ndefu ndani yake hadi kwenye mbao. Vipande hivyo ndivyo vitakavyolishikilia bati mbali na ukuta. Usitumie vipande vya mbao, na usiweke skrubu yoyote mkabala na katikati ya jiko, kwa sababu chuma chake kinapeleka joto ndani. Acha wazi sentimita 2.5 au zaidi chini na juu ya bati. Mafundi wengi huziba sehemu ya chini ili ipendeze, na hapo kinga imekufa. Bati lipite jiko kwa sentimita 45 kila upande na lipande angalau sentimita 50 juu ya kimo chake, yaani kwako lifike sentimita 125 kutoka sakafuni. Ukitaka vigae, vibandike kwenye bodi ya saruji iliyoinuliwa vivyo hivyo. Kigae kilichobandikwa juu ya plaiwudi ni sawa na lile bati la misumari.

Fremu ya mninga, mwalimu, najua ni kumbukumbu ya mzee, lakini hesabu inaikataa. Jiko la sentimita 50 katikati ya mdomo wa 90 linaacha 20 kila upande, na hata kinga ya bati inahitaji 31. Rafu nayo iko sentimita 45 tu juu ya jiko, na bomba litapita karibu nayo. Bomba la ngozi moja, yaani la bati moja tu lisilo na ganda la pili la nje, linatakiwa kukaa sentimita 45 kutoka kwenye mbao. Waingereza wanasema mara tatu ya kipenyo cha bomba, na kwa bomba la sentimita 15 jibu ni lile lile. Ifungue fremu pamoja na rafu yake taratibu bila kuivunja, uitumie kwenye kioo cha chumbani au kabati la vitabu, na mahali pake piga plasta ya saruji. Plasta ikibanduka ukaona mbao zimefichwa ndani, usiendelee mpaka zitoke.

Ukuta wa nyuma wa tofali tupu usikutie wasiwasi. Sakafu ya saruji pia ni sawa. Zulia tu lisisogee karibu zaidi ya sentimita 45 mbele ya mlango wa jiko.

Kinachoniogopesha zaidi kwenye nyumba yako ni dohani. Nyumba za umri huo huwa na nyufa kwenye tofali za darini, na pengine mbao ya kenchi imeegemezwa juu yake, wakati inatakiwa kuwa mbali kwa sentimita 5. Kabla ya kununua chochote, toa viota na masizi, washa majani mabichi kidogo mekoni, halafu mtu aliye juu ya paa azibe mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa. Mwingine awe darini na tochi. Moshi ukitokea popote pale, pana ufa. Fungueni madirisha, na gunia liondolewe mara moja.

Hata isipovuja, usiingize bomba fupi kwenye dohani pana ukaishia hapo. Moshi unapoa, unaacha utomvu mweusi unaoitwa kreosoti, nao ukishika moto ndani ya dohani joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Shusha bomba la stenlesi kutoka juu hadi kwenye jiko, lenye kipenyo sawa na tundu la jiko la kutolea moshi, na mdomo wa meko uzibwe kwa bati, si kwa ubao. Kuni za mkaratusi au muwati zipasuliwe na zikauke karibu mwaka mzima. Zile mbichi ndizo zinazotengeneza kreosoti kwa wingi.

Siku ya kwanza washa moto mdogo, madirisha yakiwa wazi, rangi ya jiko iungue itoke. Siku ya tatu washa moto wa kawaida kwa saa moja, kisha ingiza vidole kwa juu, nyuma ya bati, uguse ubao wa msindano. Ukiweza kuviacha hapo bila kuvitoa kwa haraka, kinga inafanya kazi. Ukishindwa, acha moto uzime, upime upya ile nafasi ya hewa, na uniandikie umepata sentimita ngapi.