Kabla ya kutamka "Venini", geuza chombo kichwa chini

Wiki hii imetufikia picha nyingine ya vesi nyekundu yenye tumbo la bluu, imepigwa kwa mbele, na chini yake swali lile lile: "Hii si Venini?", yaani si kazi ya ile tanuri maarufu ya kioo ya Murano, Italia? Picha ya mbele haitaji jina la mtu. Igeuze vesi kwanza, ndipo tuzungumze.

Wapenzi wengi wa kioo cha Italia huanza na umbo kwa sababu ndilo linalovutia macho, na hapo hapo ndipo wanapopotea. Murano ni kisiwa kidogo kando ya Venice. Watengenezaji wa kioo walihamishiwa huko mwaka 1291, na tangu hapo tanuri zao zimekaa jirani kwa jirani. Fundi mkuu akihama, mkono wake unahama naye: Archimede Seguso alitoka tanuri ya Seguso Vetri d'Arte akafungua tanuri yake mwaka 1946. Umbo likipata soko, majirani nao hulifinyanga. Kwa hiyo umbo ni ushahidi dhaifu kuliko wote, ingawa kila mtu analishika kama hati ya nyumba.

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, tochi, rula na mizani ya jikoni. Anza na kitako. Fundi akitaka kumalizia mdomo wa chombo, hukishikilia kwa fimbo ya chuma iliyogandishwa kitakoni. Akiivunja, linabaki kovu. Tanuri nzuri zilisaga kovu hilo mpaka kitako kikawa bapa na laini. Sasa mulika kwa pembeni. Chombo kilichokaa mezani miaka 60 kina mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, tena pale tu kinapogusa meza. Mikwaruzo ikiwa imelala yote upande mmoja, hiyo ni kazi ya msasa, na mtu amekuzeeshea chombo. Ukiona mshono wa kalibu ubavuni, mara nyingi hicho ni kioo cha kubana kwa mashine, kirudishe rafuni.

Baada ya hapo ndipo sahihi. Muhuri wa asidi wa mistari mitatu, "venini murano ITALIA", ni wa vyombo vya miaka ya 1940 hadi 1960. Baadaye ikaja "venini italia" iliyochorwa kwa ncha ya almasi, na kwenye miaka ya 1980 tarakimu mbili za mwaka zikafuata. Muhuri bandia una ugonjwa wake. Kwenye muhuri halali mikwaruzo hupita juu ya herufi na kuzikata, kwa sababu imekuja baada yake. Kwenye bandia asidi imemwagwa juu ya mikwaruzo ya zamani, hivyo ndani ya herufi kingo za mikwaruzo zimelainika kana kwamba zimelambwa. Na ile ya kuchorwa, itazame vizuri: ncha ya almasi huacha mstari mwembamba, mkavu, unaotetemeka kidogo, mashine ya kuzungusha huacha mfereji mpana wenye vidoa vyeupe. Tanuri nyingi hazikuweka sahihi kabisa, kwa hiyo kitako kitupu si dosari.

Lebo ndiyo inayodanganya kwa upole. Karatasi ya dhahabu yenye gondola na maneno "Murano, Made in Italy" ilitumiwa na tanuri nyingi. Majina mengine, kama Camer, ni ya waagizaji wa Marekani wala si ya watengenezaji. Lebo hubanduliwa na kuhamishwa pia: angalia kama pembezoni mwake pana vumbi la gundi lililokauka pamoja nayo. Ukikuta alama ya "Vetro Artistico Murano", hiyo ilitokana na sheria ya Mkoa wa Veneto ya 1994, kwa hiyo muuzaji anayesema "miaka ya 1950" amekosea, au anakufanyia makusudi.

Sasa ufundi wenyewe, ambao ndio wenye utamu. Kioo cha sommerso ni cha kuzamishwa: rangi moja huchovywa ndani ya chungu cha nyingine, tabaka juu ya tabaka. Mbunifu Flavio Poli wa Seguso Vetri d'Arte aliufikisha ufundi huu kileleni miaka ya 1950. Kwenye kazi zake mpaka kati ya tabaka na tabaka ni safi, na rangi ya ndani inaelea. Ukiona rangi zinavujiana na mdomo umevutwa kuwa ncha kama moto wa mshumaa, ulizia kwanza tanuri ya Chřibská ya Chekoslovakia, ambayo kazi yake huuzwa kila siku kwa jina la Murano. Chupa ndefu za kijani zenye kifuniko kirefu mara nyingi ni za Empoli, Toscana: Italia ni kweli, Murano hapana.

Vesi ya fazzoletto, yaani leso, iliyobuniwa na Fulvio Bianconi kwa Venini mwishoni mwa miaka ya 1940, ina ndugu wengi wa kambo. Ile ya kiwanda cha Chance cha Uingereza ni kipande bapa cha kioo kilicholainishwa kwa moto kikaanguka kwenye mikunjo: haina kovu la fimbo, na mara nyingi nakshi imechapishwa juu ya uso. Kwenye leso ya Murano ya nyuzi nyeupe, nyuzi ziko ndani ya kioo. Pitisha ukucha, hutazihisi.

Ukibaki na shaka, pima. Kioo cha Murano kwa kawaida ni cha mchanga, chokaa na magadi, magadi yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi. Pima vesi ikiwa kavu, tuseme gramu 1,500. Weka ndoo ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha izamishe vesi yote ikining'inia kwa kamba bila kugusa ndoo. Mizani ikisoma 600, gawanya 1,500 kwa 600: 2.5. Hiyo ni ya kioo cha magadi. Ukipata karibu na 3, umeshika kristali ya risasi, yaani kioo kizito kilichotiwa madini ya risasi. Hewa ikinaswa ndani ya vesi hesabu itashuka, basi iinamishe itoke. Rangi nzito zisizopitisha mwanga zinaweza kuwa na risasi na kuharibu jibu. Na kama pana lebo ya karatasi, usithubutu kuitia majini.

Taa ya urujuanimno (UV) wengi huipenda kuliko inavyostahili. Kung'aa kijani kunaonyesha urani, au manganisi kama mng'ao ni hafifu, na Wacheki nao walitumia urani.

Ukituma picha, ziwe tano: kitako kwa mwanga wa pembeni, mdomo, ubavu dhidi ya dirisha, chombo kizima karibu na rula, na lebo kwa karibu. Andika uzito. Jibu likiwa "Murano, tanuri haijulikani, takriban 1955 hadi 1965", liandike hivyo hivyo kwenye tangazo lako la kuuza.