Re: Ramani inaonyesha msitu umegeuka shamba, niamini?
Mkuu usiiamini bado, angalia kwanza tarehe za zile picha za satelaiti za miaka miwili ulizolinganisha, maana kama moja ni ya msimu wa mvua na nyingine ya kiangazi, miti iliyopukutisha majani inasomeka kama shamba, utasema msitu umeisha kumbe upo palepale. Tafuta picha za Landsat (satelaiti za Marekani) za mwezi uleule miaka yote miwili, ufute mawingu na vivuli vyake.

Alafu hili wengi wanalipuuza na ndo linaharibu kazi: ramani mbili zenye usahihi wa 85% kila moja ukizilinganisha, usahihi wa ramani ya mabadiliko unaweza kushuka mpaka kama 72% hivi, maana usahihi wa zote mbili unazidishana (0.85 × 0.85). Kwahiyo weka pointi za kuhakiki (sehemu unazokagua kama ramani inasema kweli) kwenye maeneo yaliyobadilika yenyewe. Kuanzia 2016 tumia Sentinel-2 (satelaiti za Ulaya), pikseli yake, yaani kijimraba kimoja cha picha, ya mita 10 inaona vishamba ambavyo ile ya Landsat ya mita 30 inavimeza.