Ringi za Nkuhungu

*Mhandisi, shikamoo. Najenga nyumba ya ghorofa moja Nkuhungu. Niliona video ya wahandisi wa Japani na Marekani wakieleza jinsi wanavyokaa pamoja kurekebisha kanuni za majengo na madaraja baada ya kila tetemeko. Nikamwomba fundi nondo apinde ncha za ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kwenye nondo za wima, ziingie ndani, kama walivyoonyesha. Akacheka: "Mama, hayo ya Wajapani. Hapa Dodoma ni vumbi na upepo tu." Je, kanuni za huko zinatuhusu? — Mama wa Nkuhungu*

Marahaba, mama. Vumbi na upepo ni kweli, ila fundi wako amesahau la tatu. Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa kama 5.5 lilitutikisa hapa hapa. Mimi nilitoka nje na kandambili moja, na ufa uliobaki kwenye ukuta wa jikoni kwangu nimekataa kuuziba mpaka leo. Tumekaa kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mwaka 2008 watafiti wa Tanzania na Ubelgiji walichapisha uchunguzi wao wa mipasuko hai ya ardhi eneo la Dodoma, na majina yake fundi wako anayajua: Hombolo, Bubu, Fufu, Mponde.

Sasa tuje kwenye ringi. Nguzo ikitikiswa sana, zege la nje ndilo humeguka kwanza. Ringi iliyokunjwa nyuzi 90 ncha yake imelala kwenye zege hilo hilo la nje. Likidondoka, ringi inaachia kama kifungo cha shati kwenye tumbo la pilau, nondo za wima zinachomoza nje, na zege la katikati linasagika. Ukikunja nyuzi 135, ncha inazama kwenye kiini cha nguzo na haitoki. Kanuni ya Ulaya ya matetemeko, Eurocode 8, inataka ncha hiyo iwe na urefu mara 10 ya unene wa ringi: ringi ya milimita 8, ncha ya sentimita 8.

Ujuzi huu haukutoka nchi moja. Tetemeko la San Fernando, California, mwaka 1971 liliangusha madaraja ambayo nguzo zake zilikuwa na ringi chache mno. Miaka hiyo hiyo ya sabini watu wa New Zealand walikuwa wakifundisha kwamba nguzo iwe na nguvu kuliko boriti, ili boriti iumie kwanza na watu wapate kutoka. Leo utalikuta hilo katika kanuni za nchi nyingi. Tarehe 17 Januari 1994 ikaja Northridge, karibu na Los Angeles: madaraja kadhaa ya barabara kuu yalianguka, lakini nguzo zilizokuwa zimevalishwa koti la chuma zilisimama. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ile ile, Kobe ilipoteza watu zaidi ya 6,400, na kipande cha barabara ya juu chenye mita zaidi ya 600 kikalala ubavu na nguzo zake. Wahandisi wa Marekani na Japani walikuwa wakikutana tangu zamani. Sasa kila upande ulikuwa na vifusi vyake vya kumwonyesha mwenzake.

Nami sijifanyi malaika. Miaka ya tisini nilisaini michoro yenye ringi za nyuzi 90, kwa sababu kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa BS 8110, kanuni ya zege ya Uingereza, na Mwingereza hakoseshwi usingizi na matetemeko.

Kwa hiyo mkunjo wa ringi uazime bila aibu. Kisichoazimika ni namba ya mtikisiko. Eurocode 8 imeacha kila nchi ijaze yenyewe: ardhi yako hutikisika kwa nguvu kiasi gani? Hilo linajibiwa na vipimo vya hapa, na mimi hupandwa na hasira ninapokuta mchoro wa jengo la Dodoma una namba iliyonakiliwa kutoka mradi wa nchi nyingine. Kumbuka Kagera, 10 Septemba 2016: ukubwa ulikuwa 5.9, ambao Tokyo watu wangemalizia chai yao. Bukoba nyumba zilianguka, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya.

Kabla zege halijamwagwa, nenda saiti mwenyewe. Shika ncha ya kila ringi kwa vidole. Ikiwa inaelekea pembeni badala ya kuingia katikati ya nguzo, irudishwe ikunjwe upya. Mikunjo isipangwe yote kona moja kutoka chini hadi juu, na karibu na boriti ringi zisogezwe zikaribiane. Fundi atanuna siku mbili.

*Mhandisi, ile mipira myeusi kati ya nguzo na daraja ni ya kuzuia tetemeko? — Msomaji, Bahi*

Mara nyingi hapana. Ni mpira wenye mabati ndani, unaoruhusu daraja litanuke na jua na kunywea usiku. Ule wa kumeza mtikisiko una kipande cha madini ya risasi katikati. Ulibuniwa New Zealand miaka ya sabini, na Wajapani wakaupeleka kwenye majengo na madaraja yao. Kwa macho hutautofautisha, risasi imefichwa ndani. Omba kuona mchoro.